Uso Usiosafishwa

"Umeifuta!"

"Sijaifuta, nimei—"

"Umeifuta, Penseli! Usinizungushe, mimi macho ninayo—"

"—safisha! Nimeisafisha! Hivi katika maisha yako umewahi kumwachia mtu amalize neno?"

"Kusafisha gani huku? Vinyweleo viko wapi? Kile kipele cha kidevuni kiko wapi?"

"Eh! Kumbe siku zote tatu ulikuwa unakikodolea macho kipele changu!"

"Kamera ndiyo iliyokikodolea! Imeletwa hapa kwa kazi hiyo! Kukodolea vipele!"

Pazia la kwenda mbele likafunguka kidogo. Shangazi akachungulia kwa shavu la kulia, kama ilivyo kawaida yake. "Jamani, huku kuna mteja wa picha za pasipoti na anasikia kila kitu. Ananiuliza kipele ni cha nani."

"Changu!" Penseli akafoka.

"Mwambie hakipo tena!" Tripodi naye akafoka. "Kimeshafutwa!"

Shangazi akafyonza, pazia likarudi mahali pake.

Majina hayo aliwapa Mzee, baba yake Penseli, aliyeijenga studio ile na kuifungua kila asubuhi mpaka mwaka aliofariki. Binti aliitwa Penseli kwa sababu hakuwa anakosa penseli ya kusafishia negativu za filamu, kaichomeka kwenye nywele, halafu anaitafuta meza nzima akilaumu watu. Kijana aliitwa Tripodi kwa ajili ya miguu. Siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi, Mzee alimtazama kuanzia chini kwenda juu, safari ikawa ndefu, akamuuliza, "Wewe kijana, unakunjika?"

Alikunjika, tena vizuri tu. Alikunjika kwenye chumba cha giza kisichozidi kabati, miaka mitatu, yeye na Penseli bega kwa bega chini ya taa nyekundu, wakisubiri sura za watu zichomoze kwenye maji ya dawa. Halafu siku moja akaondoka. Sasa ilikuwa imepita miaka saba, na Jumatatu asubuhi alitokea mlangoni akiwa na begi jeusi begani na ndevu ambazo zamani hazikuwepo, akasema, kama mtu aliyetoka jana kununua vocha, "Habari za kazi? Nimeleta kamera."

Kamera yenyewe ilikuwa mpya, haijaingia madukani. Megapikseli sitini na moja. Jarida la wapenda picha lilimtuma aipime, aandike ina nini na haina nini, ili msomaji mwenye hamu na kamera ajue kabla hajajitumbukiza. Alihitaji studio ya siku tatu. Studio ziko nyingi mjini. Penseli alimuuliza kwa nini hii, naye akajibu, "Dirisha lenu lina mwanga mzuri," akaanza kufungua begi kabla hajaulizwa la pili.

Basi siku tatu walipiga picha za vikombe, za matofali, za kitambaa cha sufu, za jani lenye umande wa kunyunyizia na chupa. Walipiga kwenye mwanga mkali na kwenye kivuli, wakaongeza usikivu wa kamera kwa mwanga hatua kwa hatua waone chengachenga zinaanzia wapi. Na kwa kuwa hakuna kamera inayopimwa bila uso wa mtu, Penseli alikaa kwenye kigoda cha wateja mbele ya lile pazia la zamani lenye ngazi za kuchorwa zisizokwenda popote, akapigwa. Picha namba arobaini na moja.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Saa nane ilishapita. Saa kumi tathmini iwe imeshafika kwa mhariri, na saa kumi na moja kamili Tripodi awe ndani ya basi na begi lake, maana wakala aliyeiazimisha aliitaka kamera yake kesho asubuhi. Penseli alikuwa ameihesabu saa hiyo ya basi tangu alipoamka. Alijiambia anaihesabu kwa furaha.

"Nimeandika kurasa tatu," Tripodi alisema sasa, ameshika kichwa. "Tatu! Nimeiponda kamera ya watu. Sikiliza." Akanyanyua daftari. "'Mwili, mzito kiasi, unakaa vizuri mkononi. Kifungo cha kufyatulia, laini kama siagi. Betri, inaisha kama soda ya kuazima. Nyuso za watu: hapa kamera inatuangusha. Inalainisha ngozi kama fundi anayepiga ukuta lipu.' Nne kwa kumi, Penseli. Nimeipa nne kwa kumi. Kumbe lipu ni wewe!"

"Si ungeniuliza?"

"Nikuulize nini? 'Samahani, dada, leo kuna mtu umempiga lipu?'"

Penseli alitaka kucheka. Akaubana mdomo, maana mtu ukishacheka katikati ya ugomvi umeshindwa, na yeye mbele ya huyu hakuwa tayari kushindwa kwa lolote.

"Ile ya mwanzo iko wapi? Ile chafu?"

Mbele, mteja wa pasipoti akakohoa.

"Haipo," Penseli akasema kwa sauti ndogo. "Nimehifadhi hii juu yake."

"Juu yake?"

"Ndivyo tunavyofanya hapa. Unasahau? Mzee hakuwa anatunza picha mara mbili. Ikishasafishwa, ndiyo hiyo. Wewe mwenyewe ulikuwa unakwaruza negativu kwa wembe, ulikuwa na ya pili?"

"Kadi nimeshaifuta asubuhi," Tripodi akasema, akiongea na dari. "Nimeifuta mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikijua picha ziko salama kwenye kompyuta. Salama!" Akageuka. "Sasa niambie kitu kimoja. Humo ndani zimo picha mia mbili. Kuna vikombe. Kuna matofali. Kwa nini usiende kulisafisha tofali? Kwa nini arobaini na moja?"

Penseli akaanza kupanga vitu mezani ambavyo vilishapangwa.

"Shangazi aliipenda. Akasema miaka yote sijatoka vizuri kama hapo. Akaitaka."

"Aitakie nini?"

"Ya kumpelekea mama yake Mfamasia."

Jina la Mfamasia halikuwa geni kwa Tripodi. Siku tatu nzima alilisikia kinywani mwa Shangazi kama wimbo. Mfamasia wetu kasema tupunguze sukari. Mfamasia wetu kaleta vidonge vya magoti. Mfamasia wetu hapigi kelele, si kama watu wengine. Mtu mwenyewe hakumwona, lakini kila alipolisikia jina lile alikuwa anainama na kuifuta lenzi iliyokwisha kufutwa.

"Mama yake Mfamasia," akarudia polepole. "Ina maana mkweo, miaka yote hii, hajakuona sura?"

"Mkwe wangu nani?"

"Mama wa mumeo."

"Mume wangu nani?"

Wakatazamana. Huko mbele Shangazi alisikika akimwambia mteja asitabasamu, pasipoti haitaki meno.

"Penseli," Tripodi akasema, sasa taratibu, kama mtu anayetembea gizani akipapasa viti. "Dirishani kwako kuna picha ya harusi. Kubwa. Imetazama barabarani."

"Ipo."

"Bibi harusi ni wewe."

"Ni mimi."

"Bwana harusi je?"

"Binamu."

"Umeolewa na binamu yako?"

"Tripodi!" Penseli akapiga meza kwa kiganja. "Ile ni picha ya mfano! Ya kuvutia wateja wa harusi! Shela la kuazimisha, suti ya kuazimisha, na binamu naye wa kuazima! Alikuwa amekuja kumsalimia Mzee, tukamkamata mlangoni! Wewe umefanya kazi hapa miaka mitatu. Lile shela umelipiga pasi mara ngapi?"

Tripodi alikirudia kile kigoda cha wateja, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Akawa anaonekana kama alivyoonekana zamani, siku zile Mzee alipomgombeza kwa kuacha mlango wa chumba cha giza wazi na kuziunguza sura za familia nzima ya watu.

"Nilirudi," akasema.

"Ulirudi wapi?"

"Hapa. Miaka mitano iliyopita."

Penseli akahisi mikono yake imekuwa ya mtu mwingine. Akaivuta ile penseli kwenye nywele, akaishika tu.

"Unakumbuka Mzee alivyoniambia," Tripodi akaendelea. "Pale pale mlangoni. 'Kijana, nakupenda, lakini binti yangu simtoi kwa mtu ambaye mali yake yote inaingia kwenye begi moja. Nenda, ukirudi urudi na kitu cha kueleweka.' Nikaenda. Miaka miwili. Nikapata kazi jaridani, nikapewa barua yenye muhuri. Nikapanda basi na barua yangu mfukoni, kila saa naipapasa kama haijatoka. Nikafika hapo ng'ambo, kwa fundi viatu. Nikainua macho. Nikakuona na shela."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama. Nilisimama mpaka fundi viatu akaniuliza, 'Bwana, una kiatu au huna?' Nikavua kimoja nikampa."

"Kilikuwa kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Akakigeuzageuza, akakishona hivyo hivyo. Nikavaa, nikarudi stendi."

Penseli alifungua mdomo, akacheka. Kicheko chenyewe kilitoka vibaya, nusu yake kilikuwa kilio, akageukia ukutani. Ukutani hapo bado kulikuwa na misumari miwili ya ile kamba ya kuanikia picha. Miaka miwili ile ya kumngoja alikuwa anasimama hapo kila jioni, akibana picha mbichi kwa vibanio vya mbao, na kila mlango ulipogongwa alikuwa anadondosha kibanio. Kila mara. Mzee aliona. Aliinama tu akamwokotea.

"Mimi nilikuwa humu," akasema, bado ametazama ukuta. "Siku hiyo hiyo uliyosimama hapo. Hatua ishirini, Tripodi. Ungevuka tu. Ungevuka ukaja kunitukana! Ukasema, 'Wewe mwanamke, umeshindwa kunisubiri?' Ningekuonyesha binamu!"

"Ningevuka. Kilichonimaliza si shela."

"Ni nini?"

"Kovu."

Akagusa juu ya nyusi yake ya kushoto, pale ambapo Penseli alikuwa nalo: dogo, jeupe, mfano wa punje ya mchele. Lilipatikana siku waliyokuwa wanatundika pazia la ngazi. Tripodi alikuwa juu, ameshika bomba la pazia, Penseli yuko chini akimwelekeza kushoto, kulia, kushoto tena, na yeye Tripodi, badala ya kuangalia bomba, akawa anamwangalia anayemwelekeza. Bomba likashuka. Mzee alimfunga kwa kitambaa cha kufutia lenzi, na Tripodi akambeba mpaka zahanati, njia nzima mgonjwa anacheka na mbebaji analia.

"Nilikusogeza kwa lenzi ndefu, na kwenye ile picha hukuwa nalo," Tripodi akasema. "Paji safi, kama la mtu mwingine. Nikasema, basi. Huyu kanifuta mpaka kwenye ngozi."

"Nililisafisha," Penseli akanong'ona. "Ni bibi harusi wa dirishani. Bibi harusi wote tunawasafisha."

"Najua. Leo najua. Unafikiri nimegunduaje hii arobaini na moja imeguswa? Si kwa vinyweleo. Kamera inaweza kupoteza vinyweleo, zipo nyingi nimezipima zinapoteza. Nimeikuza, nimekuza, nimefika kwenye nyusi, nikakuta hakuna kitu. Nikasema hapana. Hakuna kamera ya kupoteza kitu kama kile. Hiyo ni kazi ya mkono."

Penseli akaichomeka penseli kichwani kwa nguvu kama anafunga mlango.

"Simama," akasema. "Beba hayo megapikseli yako. Twende nje."

"Nje wapi?"

"Kwa fundi viatu."

Walipita mbele, pale Shangazi alipokuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi mkubwa. Juu ya kichwa chake, kwenye fremu ya mbao, Shangazi mwingine wa miaka ishirini na mbili alikuwa anatabasamu, mashavu yote mawili laini kama yai. Picha ile alipigwa na kaka yake, Mzee, ipelekwe kwa watu waliokuwa wanamtaka. Ilipendwa sana. Mchumba akaja mwenyewe, akakaa, akaliona lile baka jekundu linaloanzia chini ya jicho la kushoto mpaka taya, akanywa chai yake yote, akaaga kwa adabu. Nyumbani kwao habari hiyo haikuwa inazungumzwa. Ila Shangazi alikuwa anakaa kaunta kwa upande mmoja tu, wa kulia kwa wateja na wa kushoto kwa ukuta, na hakuna kamera iliyomshika tena. Hata msibani kwa kaka yake, wakati familia inapangwa ipigwe picha, alisema anakwenda kutazama chungu jikoni.

"Mnakwenda wapi? Bahasha ya Mfamasia hii hapa, nimeshaitia picha," akasema. "Dada yake anaipitia saa kumi."

"Tunakwenda kushona kiatu," Penseli akamjibu, na kabla mkasi haujajua la kufanya walishavuka barabara.

Fundi viatu alikuwa yule yule, ila miwani imeongezeka unene. Akamtazama Tripodi, akaanzia miguuni kama kazi yake inavyotaka. "Wewe umeshawahi kuniletea kiatu kizima," akasema.

"Kumbe unakumbuka?"

"Kwa miaka yote niliyokaa hapa, mmoja tu. Nilimsimulia mke wangu."

Penseli akamgeuza Tripodi mabega mpaka akatazamana na dirisha la studio. "Ulisimama hapa? Haya. Piga."

Tripodi akabadilisha lenzi, akaweka ile ndefu. Akainua kamera. Kikasikika kishindo kidogo cha upole cha kile kifungo alichokisifu daftarini. Akaikuza picha kwenye kiskrini, vichwa vyao viwili vikakutana juu yake kukinga jua, sikio kwa sikio. Jua la miaka mitano lilikuwa limeifanya harusi ile kuwa ya buluu. Bibi harusi wa buluu, bwana harusi wa buluu mwenye sura ya mtu anayewaza basi lake.

"Shuka," Penseli akaamuru. "Kiunoni. Kulia kidogo. Kuza. Kuza tena."

Tripodi akakuza. Halafu akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa.

Kiunoni kwa bibi harusi, pale shela lilipobana vizuri mno kuwa la kuazima, palikuwa na kitu kimechungulia kutoka nyuma. Cha mbao. Chenye waya. Kilikuwa kibanio cha kuanikia picha.

"Viko vinne nyuma," Penseli akasema. "Lilikuwa linanipwaya. Zamani wewe ndiye ulikuwa unawabania wateja. Siku hiyo hukuwepo, nikajibania mwenyewe, kimoja kikatokeza."

"Umefuta kovu ukaacha kibanio!"

"Sikukiona wakati nasafisha! Mzee ndiye aliyekiona, picha imeshatundikwa. Akasema kiache, kuna mtu akipita atakijua." Akalitazama dirisha la studio. "Nilidhani anatania. Na siku zake za mwisho, Tripodi, hakuniuliza habari za studio. Aliniuliza, 'Hivi yule wetu anatumia kamera gani siku hizi?'"

Tripodi aliendelea kukitazama kibanio kile kidogo kwenye kiskrini, na kidole gumba kikawa kinakipapasa kioo, hicho hicho ambacho kwenye tathmini alionya kisiguswe kwa vidole maana kinashika alama.

"Bwana," fundi viatu akasema, "leo una kiatu au huna?"

"Leo sina, mzee wangu," Tripodi akajibu. "Leo navuka."

Waliporudi ilikuwa saa tisa na nusu na mteja wa pasipoti ameshaondoka na mashaka yake. Hawakugombana tena, hawakuwa na muda. Penseli akakaa kwenye kigoda mbele ya ngazi zisizokwenda popote. Alitaka kujipaka poda, Tripodi akaiweka poda juu ya kabati, mahali ambapo ni yeye tu anapafikia.

"Kama ulivyo," akasema. "Ni kwa ajili ya kazi."

"Muongo."

"Kidevu chini. Ni kwa ajili ya kazi na mambo mengine."

Kamera yenyewe ililitafuta jicho lake, kijisanduku cha kijani kikakaa juu ya jicho kikaganda hapo. Penseli alikuwa amepiga maelfu ya watu na hakuwahi kuelewa kwa nini wanatokwa na jasho kwenye kigoda. Sasa alielewa. Hakujua aangalie wapi. Mwishowe akamwangalia mpigaji, na mpigaji akasahau kufyatua.

"Tripodi."

"Mm?"

"Kifungo. Laini kama siagi."

Akafyatua.

Kwenye kompyuta wakaikuza mpaka uso ukajaa kioo na kumwagika. Kila kinyweleo kilikuwepo. Kipele kilikuwepo, kimenenepa. Mistari ya pembeni mwa macho, ambayo miaka saba iliyopita haikuwepo, ilikuwepo yote, na Penseli akaitazama kama anayesoma barua aliyojiandikia mwenyewe. Na juu ya nyusi, jeupe, lenye kikunjo kidogo upande ambao kitambaa cha lenzi hakikubana sawasawa, lilikuwepo.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye brashi ya kusafishia. Tripodi akaweka wa kwake juu yake. Hakubana. Aliuweka tu.

"Tisa kwa kumi," akasema.

"Hiyo moja umeitoa kwa nini?"

"Betri." Halafu, bila kutoa mkono: "Penseli, huyo Mfamasia. Unamtaka?"

"Ni mtu mzuri," Penseli akasema kwa haki. "Hana kosa hata moja. Kila akija ananiletea vitamini."

"Sijauliza kama ni mzuri."

"Najua ulichouliza. Dada yake anakuja saa kumi kwa habari za posa, Shangazi ameshatia picha kwenye bahasha, na wewe una basi. Sasa unaniuliza leo? Saa tisa na dakika arobaini na tano?"

"Nimechelewa miaka mitano na dakika arobaini na tano."

"Usinichekeshe. Nataka kulia, usinichekeshe."

Nyuma yao pazia likatikisika. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. Shangazi alikuwa na bahasha ya kaki mkononi na mkasi bado unaning'inia kwenye kidole, na alikuwa anaitazama kompyuta, ule uso mkubwa wenye kila kitu. Tripodi akasimama haraka kama mwanafunzi, akagonga taa kwa kichwa, akaidaka.

"Shangazi, shikamoo, samahani, mimi nilikuwa—"

"Marahaba. Asubuhi ulishanisalimia." Hakumtazama. Alisogea mpaka karibu na kioo. "Hii ndiyo ile ambayo haijasafishwa?"

"Ndiyo, Shangazi," Penseli akasema.

"Hili ni lile la bomba."

"Ndilo."

Shangazi akaichomoa picha kwenye bahasha, akaishikilia kando ya kioo. Ile laini na hii yenyewe. Akazilinganisha muda mrefu, midomo imekaza, kama anavyohakiki pasipoti zisije zikarudishwa.

"Yangu ilinitangulia kufika," akasema mwishowe, hakusema kwa nani. "Watu wakaizoea, wakaipenda. Mimi nilipofika nyuma yake nikakuta nafasi imeshakaliwa." Akairudisha picha ndani ya bahasha, akaikunja bahasha mara mbili, akaitia kwenye droo ya picha zilizoharibika. "Dada yake Mfamasia akija nitamwambia mwenyewe. Hii haiendi."

"Shangazi..." Penseli akaanza, akijifuta macho.

"Usinililie, sijamaliza." Shangazi akaweka mkasi mezani. Akatembea taratibu mpaka mbele ya pazia la ngazi, akakisogeza kigoda kwa mguu, akakaa. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka magotini. Kisha akafanya jambo ambalo Penseli hakuwahi kuliona tangu azaliwe: akageuka upande wa dirisha, polepole, mpaka mwanga wote wa saa tisa ukamwangukia kwenye shavu la kushoto.

"Wewe mrefu," akasema. "Nipige. Upande huu huu. Na huyu mwanangu ashike ubao mweupe kama zamani. Ila usinipige kwa haraka ya mtu anayekimbilia basi, nimekaa miaka thelathini na minane kuisubiri hii."